Nilizika Trekta ya Anko

Wasee, kila nikipost kitu ya kukiri nimechoka, lazima mtu aje na lile neno. Kaza. "Kaza buda." "Kaza roho, itajipa." Juzi nilihesabu kaza kumi na saba chini ya posti moja. Najua mnasema kwa roho safi, na sijakasirika. Ni vile tu hilo neno likifika kwa simu yangu, mimi huskia harufu ya dizeli na matope.

Hii stori sijawahi kuisema yote. Wale wa kitambo mnakumbuka ile video yangu nikianguka kifudifudi kwa shamba ya mchele, gamboot moja imebaki kwa tope, mguu uko juu na soksi ya Arsenal. Mlicheka sana, hata mimi nilicheka. Ile ilikuwa sekunde kumi na moja. Kilichotokea kabla na baada ya hizo sekunde sikuwahi kuweka.

Ilikuwa Julai 2023 na nilikuwa Mwea. Kama hujawahi kufika, ni pale Kirinyaga. Unatoka Nairobi, unapita Thika, unafika Makutano, halafu mbele kidogo nchi inakuwa tambarare na ya kijani mpaka macho inachoka. Ule mchele wa pishori jirani akipika ploti nzima inajua, unatoka hapo. Watu huenda kupiga picha na Mlima Kenya kwa nyuma. Kitu hawaambiwi ni kwamba mradi wenyewe ulianzishwa miaka ya 1950, na kazi ya kuchimba ilifanywa na watu waliokuwa wamezuiliwa wakati wa Mau Mau. Mimi nilisoma historia mpaka fomu foo na sikuwahi kuskia hiyo. Niliambiwa na guka mmoja mwenye ng'ombe za kulima, tukiwa tumekaa kwa tuta tunaangalia trekta imelala. Huyo guka atarudi.

Anko ni kaka ya mathe. (Kwa Kikuyu kaka ya mamako unamwita "mama", kitu ambayo imenifanya nichekwe mtaani tangu nikiwa mdogo, so hapa atabaki anko.) Alikuwa amenunua Massey Ferguson ya mtumba kwa mkopo wa sacco, na mkopo ulikuwa umebaki miaka miwili. Haina kabati, ni mabati tu juu ya kichwa ya kukinga jua. Nyuma imebeba rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka ndani ya maji na kugeuza udongo kuwa uji tayari kwa kupandwa mpunga.

Kazi ya rotaveta ni ya msimu na haingoji mtu. Maji yanafunguliwa kwa zamu, eneo moja baada ya lingine, na miche iko kitaluni inakua. Ikifika mwezi mmoja hivi inataka kuhamishwa, ikikaa sana mavuno yanaanguka. So wiki hizo chache kila mtu anataka trekta, na wanaitaka leo. Anko alikuwa na watu saba kwa laini, wote wametoa kitu kidogo ya kushikilia nafasi. Trekta ikilala siku moja, sio anko peke yake analia.

Mimi nilikuwa tanboi wake. Nafungua na kufunga rotaveta, natoa majani kwa visu, natembea mbele na kijiti kupima kina cha maji. Familia nzima ilijua niko likizo ndefu ya campo.

Hakukuwa na likizo. Nilikuwa nimeacha campo Septemba iliyotangulia.

Wacha niseme tu vile ilienda. Buda alinitumia karo ya muhula, elfu thelathini na nane. Yeye ni fundi wa mabomba, hiyo ni pesa ya kulala chini ya sinki za watu. Nilikuwa nimefeli masomo mawili, nimechoka, na nilikuwa na watu elfu nne wananifuata mtandaoni, nikaona hii ndio njia. Nikachukua hiyo karo nikanunua kamera ya mtumba na taa. Nikajiambia nitarudisha kabla ajue. Mwezi wa kwanza haikurudi. Akiuliza mitihani iko lini nikasema imesongezwa. Akiuliza matokeo nikasema mtandao wa chuo uko chini. Ule muhula mwingine akatuma tena, na hiyo nililipa nyumba nayo. Kila uongo nilitoa ili ule wa jana usimame.

Haya, turudi kwa shamba.

Kitu ya kwanza anko alinifundisha sio gia, ni ardhi. Udongo wa Mwea kwa majaruba ni ule mweusi wa mfinyanzi, ule Wanairobi mnajenga juu yake huko Syokimau halafu mnashangaa ukuta umepasuka. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukipata maji unavimba na kuwa kama gundi. Lakini chini ya ule uji kuna tabaka gumu, limegandamizwa na miaka ya trekta na ng'ombe kupita. Trekta haielei, inatembea kwa hilo sakafu ambalo huoni. Ukilivunja, chini yake hakuna kitu ya kukushika.

Na kila jaruba iko na mahali sakafu ni laini. Kwa hiyo shamba ilikuwa kona ya juu, karibu na mfereji, pale maji yanaingilia. Maji yalikuwa yamekaa hapo siku nyingi. Anko alinionyesha na kidole: "Hapo usiende. Hapo tutaachia ng'ombe wa guka." Ndio maana hata sasa wakulima wa trekta bado wanaita ng'ombe. Ng'ombe anafika mahali mashine haifiki.

Siku hiyo saa kumi na moja jioni anko alienda Ngurubani kutafuta beringi. Aliniachia kipande kidogo nimalizie, tena kwa upande mgumu wa shamba. Nilikuwa nimeendesha wiki tatu, nilijua.

Sasa hiyo jua ya saa kumi na moja, wale wa kamera mnanielewa. Imekuwa rangi ya asali. Mawingu yalikuwa yametoka kwa mlima. Nyuma ya trekta kulikuwa na wale ndege weupe, kama mia hivi, wanaokota wadudu rotaveta ikigeuza udongo. Nilikuwa nimesimamisha simu kwa tuta ikirekodi. Na kwa kioo ya simu, picha ilikuwa poa, lakini ingekuwa tamu zaidi kama trekta ingekuwa imesonga kushoto kidogo. Kushoto ni kona.

Nilijiambia ni mita kumi tu.

Trekta haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole upande wa kulia, kama mtu anayekaa kwa kochi. Mimi nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, tope ikaruka mpaka kwa mabati, na ikashuka tena kidogo. Nikaweka gia ya chini, nikakanyaga. Nikafunga difu ili magurudumu yote mawili yavute pamoja, nikakanyaga. Nikaenda rivasi, mbele, rivasi, mbele. Nilikuwa naongea na hiyo mashine, "kuja, kuja, kuja." Klachi ilianza kunuka kama breki za lori zikiteremka Mai Mahiu. Kila nikikanyaga nilikuwa na hakika hii ndio ile ya kutoka.

Gurudumu likizunguka mahali pamoja halivuti, linachimba. Zile meno zake zimetengenezwa kuuma udongo na kuutupa nyuma, so ukikosa kusonga, unajitupia sakafu yako mwenyewe nyuma. Nilipozima injini, ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa kwa tope. Magurudumu makubwa yalikuwa yamezama zaidi ya nusu. Tumbo limegusa. Nilipofika hapo mimi mwenyewe sikuwa nahitajika tena kwa kuiharibu, ilikuwa imelala.

Niliruka chini kuangalia, na hapo ndio mlicheka. Simu ilikuwa bado inarekodi.

Vijana wa hapo walikuja haraka, maana trekta ikikwama Mwea ni kama gari imepinduka mtaani, watu wanatokea tu. Wakaniambia dawa ni gogo. Unachukua mti mnene, unafunga na cheni kwa magurudumu ya nyuma, mbele ya matairi. Ukiweka gia, gurudumu linabeba gogo chini yake na linapanda juu yake. Nikauliza imewahi kufanya kazi? Wote wakasema ndio. Na ni ukweli, huwa inafanya kazi. Mara nyingi.

Tukafunga. Nikapanda. Mmoja akapiga kelele, "Kaza!"

Nikaachilia klachi na nikakanyaga mafuta yote.

Gogo lilishuka na kukwama. Halikupita. Magurudumu yakafungika kabisa. Na nikaona kitu ambayo akili ilikataa kuelewa: boneti inapanda. Tairi za mbele zilitoka kwa maji zikining'inia, matope yanadondoka, na nikaona mlima, halafu nikaona mawingu juu ya mlima. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani kana kwamba ndio unanishikilia.

Skiza, hii ni muhimu kwa mtu yeyote ako na shosho shambani na trekta. Kama magurudumu ya nyuma yamefungwa na yamekataa kuzunguka, nguvu ya injini haipotei. Inaenda mahali pengine. Inazungusha trekta yenyewe kwa ekseli yake, pua inapanda, na uzito mwingi wa trekta uko nyuma, so ikifika kiwango fulani inamalizia yenyewe na kumlalia dereva. Inachukua muda mfupi sana, mfupi kuliko kusema jina lako. Mtu haruki. Ile yetu ilikuwa na mabati ya jua tu, haina chuma cha kukinga dereva. Ingenikunja ndani ya tope na watu wangebaki wakitafuta jembe.

Kilichoniokoa ni sauti. "KLACHI! Kanyaga klachi, wewe!" Mguu ulitii kabla yangu. Nguvu ikakatika, pua ikarudi chini, pwaa, maji yakaruka.

Alikuwa ni guka. Amesimama kwa tuta na fimbo ya ng'ombe, amevaa koti la suti na gamboot, anatetemeka kwa hasira. "Shuka hapo. Shuka! Munataka kuzika kijana ya wenyewe?" Wale vijana wakaanza kufungua cheni bila mtu kuambiwa mara ya pili. Mimi nilishuka nikakaa kwa tuta, na miguu ilikataa kusimama kwa kama dakika kumi. Guka akakaa karibu yangu. Hakunifokea tena. Ndio alianza kunieleza nani walichimba pale, vile babake mwenyewe alikuwa kati yao, polepole, kama mtu anapoza chai. Nadhani alijua nikinyamaza nitalia.

Anko alifika na bodaboda usiku ukiingia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani mwote mwa kichwa changu. Ati usukani ulivuta, ati kulikuwa na shimo. Alitembea akazunguka trekta yote, akiingia tope mpaka mapajani, bila kuniangalia. Akaangalia simu yangu ikiwa bado kwa kile kijiti kwenye tuta. Akaangalia kona. Akajua.

Neno la kwanza alisema ni, "Funga maji."

Tukafunga pale maji yanaingilia, tukakata tuta upande wa chini ili jaruba imwagike kwa mtaro. Hakuna kingine kingefanyika usiku huo. Na trekta hauachi peke yake, betri na dizeli zinatembea. So tulilala hapo, mimi na yeye, chini ya turubai kwa tuta, mbu wa Mwea wakitukula bila huruma. Kama hujaumwa na mbu wa shamba ya mchele usiniambie kuhusu mbu wa Lang'ata.

Saa nne hivi akauliza, "Campo munafungua lini?"

Uongo ulikuwa tayari. Agosti, mwisho wa Agosti, kuna shida ya mabweni. Nilikuwa naushika kwa ulimi. Lakini nilikuwa nimeona mawingu kutoka kwa kiti ya trekta masaa manne yaliyopita, na nilikuwa nimechoka sana, na ikatoka tu. Nikamwambia yote. Kamera. Muhula wa pili. Nyumba. Nililia kama mtoto, sitadanganya.

Alinyamaza mpaka nikafikiri amelala.

"Ilipoanza kushuka," akasema, "ulikanyaga mafuta mara ngapi?"

Nikasema sijui. Kama robo saa hivi.

"Ungeshuka mara ya kwanza, tungetoka na jembe na nyasi. Dakika ishirini."

Sijui mpaka leo kama alikuwa anaongelea trekta. Yeye si mtu wa mafumbo, nafikiri alikuwa anaongelea trekta. Halafu akaongeza, "Babako utampigia wewe. Kesho kabla jioni. Ukikosa, nitapiga mimi," akajifunika turubai upande wake wote na ule wangu nusu.

Asubuhi ilikuwa baridi ya Julai, ukungu, na maji yalikuwa yameisha kwa jaruba ikabaki tope. Hapa sasa ndio nilijifunza vile kitu hutolewa. Na inaboesha, naomba mjue. Hakuna sekunde hata moja ya hiyo siku ingefanya vizuri mtandaoni.

Kwanza rotaveta ikatolewa. Ni chuma kizito ambacho wanaume sita hawawezi kubeba, na yote ilikuwa inavuta nyuma chini. Shida ni pini zake zilikuwa ndani ya tope, so nililala kwa tumbo, shavu kwa matope, nikitafuta pini na vidole kwa karibu saa nzima. Halafu tukachimba. Hatukuchimba mbele, tulichimba nyuma. Anko alisema trekta inatoka na njia iliyoingilia, kwa sababu hiyo njia ilishakubeba, ya mbele haujui iko na nini. Tukatengeneza mteremko nyuma ya kila gurudumu, mrefu, wa taratibu, mpaka jembe likagonga ile sakafu ngumu. Ukiskia hiyo sauti ya jembe likigonga kitu kigumu baada ya masaa mawili ya uji, unaskia ni kama umeokoka.

Guka alikuja na kitu ambayo hata anko hakuwa amefikiria. Alisema tope ya hii udongo inafyonza. Ukivuta chuma kilichokaa ndani yake, hewa haiwezi kuingia chini, so inakuvuta nayo kurudi. Tukachimba pembeni ya tumbo la trekta kwa mikono, tukapitisha fito chini mpaka upande wa pili, kutoboa njia ya upepo. Kuna mahali ilitoa sauti kama mtu anabusu vibaya. Tukacheka, mara ya kwanza tangu jana. Kisha tukapanga fito za mkaratusi kwa ule mteremko, na juu yake nyasi kavu za mpunga, magunia na magunia.

Trekta ya pili ilikuja saa sita, ya mtu anko anamjua, na alilipwa kama mtu asiyemjua. Haikuingia shambani. Ilisimama kwa barabara ya murram kando ya mfereji, mahali pakavu, na waya mrefu wa chuma ukavutwa kati yao. Waya ulifungwa chini kabisa nyuma ya trekta yetu, chini ya ekseli, haukufungwa juu. Anko alikagua hiyo fundo mara tatu. Juu ya waya, katikati, akatupa gunia la nyasi mbichi zilizolowa, ili ukikatika usiruke kama mjeledi. Watu wote wakafukuzwa mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Kwenda rivasi pia ilikuwa na sababu nyingine ambayo nilielewa tu kwa mwili: ukirudi nyuma, nguvu inasukuma pua chini. Haiwezi kukuonyesha mawingu.

Nilifikiri ataniambia nipande. Si ndio huwa kwa sinema? Aliyeingiza ndiye atoe? Akapanda mwenyewe. Mimi aliniambia, "Wewe simama kule na simu yako."

Hiyo iliniuma kuliko ile matusi yote sikutusiwa.

Hakuna aliyekanyaga mafuta sana. Trekta ya barabarani ilisonga mpaka waya ukakaza, ikasimama. Anko akaachilia klachi polepole, injini inanguruma chini tu. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu gurudumu la kulia likageuka kidogo, kama mtu amegeuka usingizini, likashika nyasi, likashika fito. Ikatoka kwa sentimita. Ilichukua muda kama wa kupika chai. Ilipofika kwa sakafu ngumu kila mtu alipiga kelele isipokuwa anko, yeye alikuwa anaskiza klachi. Ilikuwa imeungua. Mimi ndio niliiunguza.

Simu ilikuwa mkononi mwangu wakati wote huo. Sikurekodi.

Hesabu ilikuwa hivi: klachi na fundi, kukodi trekta ya pili, waya, vibarua, na siku nne trekta imekaa. Wateja watatu walihama. Mama mmoja miche yake ilizidi umri na alikuja kumwambia anko bila kupandisha sauti, akashukuru kwa kurudishiwa pesa yake, akaenda. Huyo bado namuona. Anko aliandika yote nyuma ya kalenda ya sacco, akachora mstari, akaandika jina langu chini. Elfu hamsini na mbili. Nimelipa elfu thelathini na moja mpaka leo, kwa M-Pesa, kidogo kidogo, na yeye hujibu kila mara na neno moja, "Imefika." Ile video ya kuanguka ilinipatia tangazo la kwanza, la soksi, siwatanii, na hiyo pesa yote ilienda Mwea.

Buda nilimpigia saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nimesimama kando ya mfereji, nikiosha tope kwa masikio. Nilisema bila kupumzika, nikiogopa nikivuta pumzi nitapata uongo. Nikamaliza. Kwa simu niliskia nyundo ikiwekwa chini, maji yakitiririka mahali, makanga kwa mbali akiita abiria.

"Mjomba wako alinipigia asubuhi," akasema. "Hakuniambia haya. Aliniambia tu uko na jambo."

"Pole, baba."

Akanyamaza tena.

"Hiyo trekta ilitoka?"

"Imetoka."

"Na ile rotaveta haikupinda?"

"Haikupinda."

"Haya." Nikaskia akivuta pumzi kama mtu anayeinuka na magoti mabaya. "Maliza kusaidia mjomba wako, halafu uje nyumbani tuongee. Na ukuje na hiyo kamera."